Mama Bi Harusi Kageuka Kijani

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Aliyeiharibu ni mimi, saa sita na nusu ya usiku, nimejifunga kikoi na nimeshiba wali wa nazi.

Siku hizo nilikuwa napiga video za harusi pale Tanga na kuzihariri chumbani kwangu, Ngamiani. Mashine ilikuwa ya mtumba: prosesa, yaani ubongo wake, ya Intel, Core 2 Quad Q6600, ile ya viini vinne iliyotoka mwaka 2007, gigahezi 2.4. Ndani mna RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, mbili za DDR2, gigabaiti mbili kila moja. Enzi zake ilikuwa mashine ya heshima. Lakini ukiipa harusi nzima iigeuze kuwa DVD, inakaa saa tisa inahema.

Na mama wa bi harusi hakuwa na saa tisa za kunipa. Alhamisi jioni alinipigia mara nne. "Mwanangu, wageni wangu wa Pemba wanapanda chombo Jumamosi. Wataondoka mikono mitupu?" Mara ya nne hakusema neno, alivuta pumzi tu akakata simu. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Hapo ndipo nikakumbuka habari ya kuovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Hesabu yake ni nyepesi mno, na nadhani ndiyo maana inaponza watu. Q6600 inapata kasi yake kwa kuzidisha: mapigo ya basi la mfumo, ile njia ya mawasiliano ndani ya kompyuta, megahezi 266, mara 9. Ukiifanya hiyo 266 iwe 333, mara 9, unapata gigahezi 3 kasoro chembe. Hununui kitu, hubadilishi kitu, unaandika namba. Nikaingia kwenye bayosi, ile kurasa ya mipangilio ya mashine, nikafuta 266, nikaandika 333. Ukurasa wa pili ulikuwa wa RAM, namba zimejipanga kama mabao ya mpira: 5-5-5-15, ndizo taimingi, muda wa RAM kungoja, na chini yake uwiano wa kasi ya RAM na ya basi, na volteji. Mbele ya kila moja pameandikwa "Auto". Nikasema, Auto si ndiyo inajua yenyewe? Nikahifadhi, nikatoka.

Ikawaka. Gigahezi 3.00! Nikajipigia kigelegele mwenyewe, taratibu, nisiamshe nyumba. Nikaanza kutoa video. Ile saa tisa sasa ikasomeka saa saba na kidogo. Nikalala kama mtoto aliyenyonya.

Asubuhi faili lipo, limekamilika. Nikaangalia dakika mbili za mwanzo: maua, majina ya maharusi, kaswida. Safi. Nikachoma DVD kumi na mbili, na baada ya sala ya Ijumaa nikazipeleka.

Sisi wapiga video tuna sheria yetu: usikae kutazama kazi yako pamoja na wenyewe. Peleka, chukua chako, ondoka. Lakini biriani ilikuwa inanukia mpaka barazani, nikakaa. Sebule ikajaa, wengine wakachungulia dirishani. Nusu saa ya kwanza ni vigelegele vitupu. Ikafika taarabu. Mama Bi Harusi akaingia uwanjani kutuza, noti ya elfu kumi juu, kiuno kinajibu kinanda. Mara uso wake ukapasuka vibao vibao vya kijani, kama vigae vya bafuni. Mdomo ukabaki kushoto. Jicho moja likaondoka na mpiga kinanda. Bwana harusi akapita nyuma, akaenda zake, miguu yake ikabaki pale pale inangoja. Sauti ikafanya krrrrrk.

Kimya kikatanda hadi feni ya dari ikasikika.

"Nilisema," akasema shangazi wa bi harusi, bila kupandisha sauti. "Siku ile ile nilisema, kuna mtu kaja na jicho lake."

Macho yote yakahamia kwa jirani mmoja aliyekuwa mlangoni. Yule jirani, katika harusi ile, alikuwa amesahauliwa sare. Maskini, alikuwa amekuja kuazima sufuria.

"Shangazi, hiyo ni diski tu," nikasema. Tukaweka ya pili. Uso ule ule, kijani kile kile, miguu ile ile.

"Diski mbili," shangazi akasema. "Haya, mwanangu, endelea kueleza."

Nikakimbia nyumbani. Nikatoa upya kipande kile cha kutuza peke yake. Safari hii Mama Bi Harusi akatoka mzima, anang'aa. Ila mpiga kinanda hana kichwa. Nikatoa tena. Kichwa cha mpiga kinanda kimerudi, keki imekuwa zambarau. Sitawaficha: hapo na mimi niliamka nikafunga dirisha.

Nikampigia binamu yangu wa Dar, fundi kompyuta. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "RAM inakimbia ngapi?"

"Mia nane. Imeandikwa kwenye stika."

"Stika sikukuuliza."

Nikaingia bayosi kuangalia. 1000. Nikamsomea. Akanyamaza, halafu nikamsikia akimwita mkewe aje asikie na yeye.

Kumbe RAM na prosesa zinapanda basi moja. Nilipotoa basi 266 nikalipeleka 333, ile Auto ya mazabodi yangu, bodi kuu ya kompyuta, ilishikilia uwiano ule ule, ikaiburuta RAM kutoka 800 hadi 1000 na kuiachia taimingi zile zile. Ile 5 ya mwanzo maana yake ni kwamba ikiombwa kitu, yanahesabiwa mapigo matano ndipo kichukuliwe. Ni kama mama ntilie akwambie, "Hesabu mpaka tano, chai itakuwa tayari." Ukihesabu kwa mwendo wake, chai utaikuta. Kwa RAM ya 800, mapigo hayo matano ni nanosekunde 12.5. Mimi nilihesabu mbiombio, yakawa nanosekunde 10. Tano imetimia, maji hayajachemka. Na RAM za namna yangu hazina ulimi wa kusema "bado". Ukinyoosha kikombe unamiminiwa kilichopo, maji ya vuguvugu, majani makavu, mdomo wa Mama Bi Harusi.

"Weka taimingi kwa mkono," binamu akasema. "Usiguse prosesa kabla ya..." Salio likakata.

Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nikawaza: kama 5 ni kungoja, basi 4 ni bora. Nikaandika 4-4-4-12. Kioo kikawa cheusi tii, mashine ikalia pi, pi, pi kama lori linalorudi nyuma. Ikabidi nichomoe umeme, nifungue kasha na kutoa ile betri bapa ya mazabodi ili bayosi isahau ujinga wangu. Nikaiweka mezani nihesabu dakika tano. Kugeuka, mtoto wa dada anaizungusha sakafuni kama pia. Ikaingia chini ya kabati. Niliitoa huko kwa mwiko wa ugali.

Binamu akapiga mwenyewe, akanisimamia kama anayefundisha mtu kuendesha gari. Uwiano 1 kwa 1, ili basi likiwa 333 RAM iende 667, chini ya uwezo wake. Taimingi 5-5-5-15, kwa mkono, kila tarakimu nikimsomea kwa sauti. Volti 1.8. Ndipo, na ndipo tu, 333. Kisha MemTest86, programu ya kupima RAM, mzunguko mzima. Kwa hamu yangu niliwahi kuijaribu kwanza na ile 1000 ya mwanzo: mistari myekundu ilishuka kama mvua ya masika. Sasa ikamaliza na sifuri. Prosesa bado gigahezi 3, RAM imetulia.

Video ilimalizika alfajiri. Nikaitazama yote, dakika kwa dakika, nikakodolea macho kila uso. Nikachoma mbili, nikapanda bodaboda, nikawakuta wageni wa Pemba wamekalia mizigo yao. Nyingine nikazipeleka nyumbani na kuomba zile mbovu nizitupe.

Wote wakarudisha, isipokuwa shangazi. Yake aliifunga kwenye kanga, akaitia sandukuni. "Hii hairudi," akaniambia. "Hii ni ushahidi."

Mwaka uliofuata akaolewa mdogo wake bi harusi. Yule jirani wa sufuria ndiye aliyekuwa wa kwanza kupelekewa sare. Doti mbili.