Mwenye Maono Aliyebaki Kimara

Wiki iliyopita kazini kwetu tulifungiwa ukumbini siku nzima ili tujifahamu. Mwezeshaji, kijana mtanashati aliyelitamka neno "haiba" kama mtu anayeonja asali, alitugawia dodoso na kututaka tujibu bila kufikiri sana, sharti ambalo wengi wetu tulilitimiza bila taabu. Baada ya chai na sambusa majibu yakatoka. Kwa mujibu wa karatasi yangu, mimi ni mtu mwenye maono, asiyefungwa na ratiba, ambaye akili yake hutangulia mbele ya wakati.

Semina hiyo nilifika nimechelewa dakika 50. Kumbe akili ilikwisha kutangulia ukumbini. Mwili ndio uliobaki Kimara ukitafuta soksi.

Kipimo chenyewe kilikuwa kile cha herufi nne na makundi 16, kilichobuniwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers kutokana na maandishi ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ingawa mama na binti hao hawakusomea saikolojia rasmi. Hilo nawasamehe. Nisilowasamehe ni kwamba katika makundi yote 16 hakuna la wachoyo, hakuna la wambea, wala la wanaojibu "niko njiani" wakiwa bado bafuni. Ajabu ni kwamba Isabel aliwahi kuandika riwaya ya upelelezi, na bado akatuletea kipimo kisichompata mkosaji hata mmoja.

Nilibadilishana karatasi na mhasibu wetu, nikaisoma yake, nayo ikanienea kama shati la kushonewa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 majibu ya kipimo cha haiba, nao wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, wasijue kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yale yale, aliyoyaokota katika kitabu cha nyota. Marehemu Sheikh Yahya Hussein angalau alitusomea nyota bila kutufungia ukumbini.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwenzetu mmoja mkimya alifurahi kusikia mbele ya wote kuwa ukimya si kiburi. Lakini nimekwisha kumsikia pia mume wa mtu, aliyetoka katika semina ya ndoa, akijitetea kwamba humfokea mkewe kwa sababu yeye ni koleriki, yaani mtu aliyeumbwa na hasira za karibu. Hapo sicheki. Mtu amepewa jina zuri la kuifunika kasoro yake, na mke ameambiwa azoee.

Sisi tulikuwa na kipimo chetu, nacho ni utani. Mimi ni Mnyamwezi na jirani yangu ni Mzaramo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa na haki kamili ya kunisema, nami sikuwa na haki ya kununa. Mtani hakuulizi kama unapenda sherehe au kitabu. Anakutazama unavyokula, unavyokopa na unavyoahidi, kisha anakutangazia matokeo hadharani, hata msibani, na wewe unacheka pamoja na waliokuja kukupa pole. Mara moja alinitangaza kuwa ahadi zangu ni kama mvua ya Dodoma, wingu kubwa, matone matatu. Nilicheka hadi machozi, na wiki hiyo, kwa aibu, nikalipa deni la fundi. Sijapata kuona karatasi ya herufi nne iliyomlipa fundi.

Jioni ya siku ile ya semina nilimkuta amekaa barazani kwake, nikamsomea majibu yangu yote kwa sauti ya mwezeshaji. Alisikiliza kwa adabu isiyo ya kawaida yake, akaomba karatasi aishike, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu, kisha akanirudishia.

"Haya, mtani, mwenye maono," akasema, "hebu nitazamie, hotpoti yangu niliyokuletea na pilau la Idi unaiona inarudi lini?"