Nyuzio za matangi ya Kimara tuzichore sisi wenyewe

"Tangi Bovu wapo?" Konda akiuliza hivyo kwenye daladala ya Barabara ya Bagamoyo, hakuna abiria anayeshangaa. Wa kushuka anasema shusha, gari linaendelea. Barabara ya Morogoro nayo ina Ubungo Maji, na ukizidi kupanda unaikuta Kimara Matangini, mtaa ulionilea. Jiji hili limeita vituo na mitaa yake kwa maji na matangi, lakini kuta zake nyingi nizijuazo zimejaa namba za simu za waganga, za mafundi vyoo na za wakopeshaji fedha. Historia ya maji yetu haimo. Kwangu mimi hilo ni jambo la kusikitisha, na linarekebishika: tuichore historia hiyo kwenye nyuzio za matangi ya Kimara.

Watoto wetu wanapita chini ya matangi yale kila asubuhi wakienda shule. Nani amewaambia maji yale yametoka wapi? Yanaanzia milima ya Uluguru, yanateremka na mto Ruvu, yanachotwa Mlandizi na kusafishwa, kisha pampu zinayasukuma kupanda hadi Kibamba na Kimara. Yakishafika huku juu yanashuka mjini yenyewe kwa mteremko, na ndiyo sababu matangi yamewekwa kilimani. Mtambo huo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, kabla hata ya Uhuru. Ruvu Chini ulifuata mwaka 1976, na maji yake hupelekwa kwenye matangi ya Chuo Kikuu, pale Mlimani. Baada ya upanuzi, Ruvu Juu ulitoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196. Ni kazi kubwa iliyobebwa na vizazi viwili vitatu, na sisi tunaijua kwa jina la kituo tu.

Kuna na upande mwingine wa historia hiyo, ule wa kichwani na mabegani. Tulikaa jirani na matangi na bado bomba letu lilikauka wiki nzima nzima. Mama alituamsha saa tisa usiku twende foleni. Ndoo yake ilikuwa ya bati, na kabla ya kujitwisha alichuma jani la mwembe, akalisuuza, akaliweka juu ya maji. Nilidhani ni urembo. Siku niliyopewa ndoo yangu ya kwanza bila jani, nilifika nyumbani nimelowa hadi kiunoni na maji yamebaki nusu. Jani lile hutuliza maji yasiruke unapotembea. Huo ni ujuzi, na mwenye nyumba aliyejiwekea simtanki juu ya paa leo hana sababu ya kumfundisha binti yake. Usipochorwa mahali utapotea.

Mwaka juzi vijana wa mtaani kwetu waliomba ukuta wa uani karibu na gati la maji, nami nikachangia rangi. Siku ya pili walikuwa wamemaliza mto: mpana, wa buluu, unang'aa. Mzee mmoja aliyewahi kusukuma mkokoteni wa madumu miaka mingi alisimama akautazama kwa muda mrefu. "Wajukuu zangu, huo mto wa wapi? Ruvu mvua ikinyesha Morogoro huwa kama chai ya maziwa." Wakamwita karibu, wakachanganya rangi mbele yake. Kahawia ikazidi, wakaongeza nyeupe, akatikisa kichwa, wakaongeza tena, mpaka akasema hapo hapo. Nilisimama pale nikijua kwamba ndiyo sanaa ninayoitaka kwenye nyuzio za matangi yetu. Mchoraji ana mkono, lakini rangi ya mto anayo mzee wa mkokoteni.

Kwa hiyo nasema wazi: tusiletewe twiga. Nawaheshimu sana wachoraji wa Tingatinga na wanyama wao. Edward Saidi Tingatinga alianza kazi yake hapa hapa Dar es Salaam miaka ya 1960 mwishoni, akitumia vibao vya bei rahisi na rangi ya baiskeli, na mtindo wake umeizunguka dunia. Tuchukue ule moyo wake wa kuanza na kilichopo. Ila picha za Kimara ziwe na ngata, foleni, boza, mkokoteni, fundi anayefukua bomba lililopasuka usiku. Na maneno yake yatoke kwa wakazi, mafupi kama ya kwenye khanga. Tangi lenyewe silitaki liguswe, maana ni maji ya kunywa ya watu. Uzio wa nje unatosha.

Najua nitaambiwa fedha ya rangi inunue bomba. Bomba linunuliwe, sana tu. Lakini wakati wa mgao wa mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, niliona jinsi wengi wetu tulivyokuwa hatujui hata mto unaotunywesha unaanzia wapi. Sasa bwawa la Kidunda linajengwa, la kuhifadhi lita bilioni 190, na wengi hawajui litakaa kwenye mto gani. Mtu hawezi kuutetea mto asioujua. Ukuta unasomwa na asiyenunua gazeti, na mama lishe, na mtoto wa chekechea.

Ukuta ule wa uani ulipokamilika nilimpeleka mama. Magoti yanamsumbua, tukaenda polepole. Alipita mto, akapita mkokoteni, akafika kwa mwanamke mwenye ndoo kichwani. Akaivuta kanga yake vizuri, akamuuliza kijana aliyekuwa anasafisha brashi, "Mwanangu, jani lake liko wapi?" Kijana hakuelewa. Mama akaketi kwenye kindoo cha rangi kilichokwisha, akaanza kumweleza.