Samaki Mkuu na Sehemu Mbili za Mia

Wakenya tuna ugonjwa wa kuhesabu dhahabu. Zikiisha tunahesabu fedha na shaba, halafu tunazima televisheni. Ndiyo maana ukimuuliza mtu leo Jason Dunford ni nani, atakukazia macho kana kwamba umemtajia jirani aliyehama zamani. Kwangu mimi, huyu ni mmoja wa wanamichezo bora kabisa tuliowahi kuwa nao. Watu wa riadha mnisamehe, lakini leo nataka kuongea habari za maji.

Turudi Olimpiki ya Beijing, tarehe 14 Agosti 2008, kwenye mchujo wa kuogelea mita 100 mtindo wa kipepeo. Dunford, kijana wa miaka 21 aliyezaliwa Nairobi, akagusa ukuta kwa sekunde 51.14. Ilikuwa rekodi ya Olimpiki. Ile aliyoivunja, 51.25, ilikuwa ya bingwa wa Marekani, Michael Phelps, tangu Athens 2004. Hebu soma tena: Mkenya alifuta jina la Phelps kwenye kitabu cha Olimpiki, katika mchezo ambao wengi wetu tunaufanyia mazoezi kwenye beseni. Kabla mchujo haujaisha, Milorad Čavić wa Serbia akaja na 50.76 na rekodi ikahama tena. Ilidumu dakika chache tu. Hata hivyo ilikuwa yetu, na sijawahi kuona bango lake popote.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya tarehe 16. Kwetu ilikuwa alfajiri, kitu cha saa kumi na moja, na niliamka kwa sababu jirani yangu alikuwa na dishi na hakuwa na ubahili wa sauti. Hakuna Mkenya aliyewahi kuogelea fainali ya Olimpiki kabla ya asubuhi ile. Dunia nzima inayakumbuka mashindano hayo kwa jambo jingine: Čavić aliyanyoosha mapema mikono yake akateleza kuelekea ukutani, Phelps akapiga pigo moja fupi la ziada, akashinda kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, 50.58 dhidi ya 50.59. Ilikuwa dhahabu yake ya saba Beijing.

Mimi nilikuwa nikiangalia njia nyingine ya bwawa. Dunford alimaliza wa tano kwa 51.47. Shaba ilikwenda kwa Andrew Lauterstein wa Australia, 51.12. Ian Crocker wa Marekani alikosa medali kwa 51.13. Sasa kumbuka muda wa Dunford siku mbili nyuma: 51.14. Sehemu mbili za mia kutoka kwenye shaba. Ukucha usiokatwa. Baadaye mtu akaniambia "basi alishindwa", nikamwomba anionyeshe kwa vidole sehemu mbili za mia ni kiasi gani. Hakuweza, na mimi pia siwezi.

Siku mbili baadaye Pamela Jelimo akashinda mita 800, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Tarehe 24 Samuel Wanjiru akafanya maajabu kwenye marathoni. Ungekuwa mhariri ungemweka nani ukurasa wa kwanza? Nami ningefanya vivyo hivyo. Lakini miaka kumi na kitu imepita, na kurasa za ndani nazo tungeshazifikia.

Kisha ikaja Delhi 2010, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mita 50 kipepeo, urefu mmoja wa bwawa, hakuna kugeuka, ukikosea kuruka umekwisha. Dunford akachukua dhahabu kwa 23.35, mbele ya Geoff Huegill wa Australia. Ukitaka kujua uzito wake, Australia kwenye kuogelea ni kama sisi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kumpiga Mwaustralia bwawani ni kama Mwaustralia aje Eldoret atupige kwenye vumbi letu.

Na hapa ndipo linaponiuma. Umbali huo alioushinda Delhi haukuwa Olimpiki. Kwa mtindo wa kipepeo, Olimpiki ilikuwa na mita 100 na 200, basi. Miaka yake yote ya ubora, shindano lililomfaa zaidi lilikuwa limefungiwa nje ya mlango. Mwaka 2025 ndipo ilipoamuliwa kwamba mita 50 za kipepeo, za chali na za kifua ziingie Los Angeles 2028.

Najua kuna la pili linalosemwa kwa sauti ya chini: "Si huyo mzungu?" Ndiyo, ni mzungu, na ni Mkenya. Alipobeba bendera yetu kwenye ufunguzi wa London 2012 kuna walioguna. Baada ya maji akaingia kwenye muziki, akarapu kwa Kiswahili na kujiita Samaki Mkuu. Wangapi kati ya walioguna wanaweza kurapu beti mbili kwa Kiswahili bila kuchanganya?

Swali la haki ni jingine, nalo nalikubali: alikuwa na mabwawa tangu utotoni, akapelekwa shule Uingereza, akaogelea chuo kikuu cha Stanford. Watoto wetu wengi hawana hata kimoja kati ya hivyo. Nairobi ina bwawa la mita 50 pale Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya michezo ya Afrika ya 1987, na mtoto wa Mathare anaweza kuishi karibu nalo maisha yake yote bila kulowa. Lakini hilo ni deni letu kwa mtoto wa Mathare. Sioni linavyopunguza hata sehemu moja ya mia kwenye muda wa Dunford.

Los Angeles itakapofika atakuwa na miaka 41. Waogeleaji wa kasi watapanda kwenye vibao vya mita 50 kipepeo kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, na mimi nitakuwa macho tena saa ambazo watu wenye akili wamelala. Dishi safari hii ninalo mwenyewe.