Miguu Ile Ilikuwa Yangu

Kwanza nikanushe yanayosemwa kuhusu ile picha ya miguu kwenye viti vya nyuma vya gari. Sikuwa naiba gari. Gari ni langu, kadi ina jina langu, na madeni ya vipuri vyake yana jina langu. Pili, sikuwa nimelala humo kwa sababu nimefukuzwa nyumbani. Tatu, ndiyo, soksi zilikuwa za rangi mbili. Hilo nimelisikia, nimelipokea, tusonge mbele.

Aliyeirusha ile picha, pamoja na ule ujumbe wa sauti usioisha, ni rafiki yangu wa tangu utoto. Kwa heshima ya urafiki simtaji. Nitamwita Mkombozi, maana ndivyo alivyojiita mwenyewe kwenye ile sauti. Amesimulia vizuri, sikatai, hata mimi nilicheka mahali fulani kabla sijakumbuka kwamba anayesimuliwa ni mimi. Ila ameruka kipande kimoja kidogo: nani aliunganisha nyaya. Hicho ndicho kilichonileta hapa leo, mgongo ukiwa bado unauma.

Mnaonifuata siku zote mnamjua Mjerumani wangu. Sedani ya spoti, silinda sita kwenye mstari mmoja, turbo, viti vya ngozi, na kilomita 240,000 na ushee kwenye dashibodi. Spidomita imeandikwa hadi 260. Kompyuta inalizuia lisipite 250, kwa sababu watengenezaji wakubwa wa Ujerumani walikubaliana kikomo hicho tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa upande wangu makubaliano hayo hayajawahi kunisumbua. Mwaka huu kasi yake kubwa kabisa imekuwa ile ya lori lililokuwa limelibeba.

Ni gari ambalo halina hata kijiti cha kupimia oili. Unaiuliza kompyuta. Kompyuta inakwambia injini ipate moto kwanza. Inapata moto. Inakwambia simama pahali palipo sawa. Unasimama. Inapima, inafikiri, halafu inakwambia ongeza lita moja, na wewe ulishaongeza wiki iliyopita. Mabomba ya maji ya kupozea ni ya plastiki, na plastiki iliyochemka na kupoa zaidi ya miaka kumi huvunjika kwa kutazamwa. Oili ya gia niliambiwa ni ya maisha yote. Baadaye nikaja kujua kwamba ZF, ambao wanatengeneza gia za namna ile, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Sasa hayo maisha yote yalikuwa ya nani?

Lakini likiwaka, jamani. Likiwaka na barabara ikiwa nyeupe, nasamehe kila kitu.

Turudi kwenye aibu. Ili mnielewe, shikeni mambo mawili. La kwanza: kwenye gari hili betri haikai mbele. Iko nyuma, ndani ya buti, chini ya zulia, ili uzito ugawanyike karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma na gari likate kona kiungwana. La pili: buti linafunguliwa kwa umeme. Soma tena taratibu. Betri imo ndani ya buti, na buti linafunguliwa na betri.

Wajerumani si wajinga, walishaliona hilo. Chini ya boneti wameweka sehemu mbili za kushikia nyaya za jampa (zile za kuazima umeme wa gari jingine), moja ina kifuniko chekundu, na boneti inafunguka kwa kuvuta kishikio cha kawaida tu. Kwa hiyo betri ikilala, huna haja na buti kabisa. Isipokuwa kama nyaya zako za jampa zimo ndani ya buti.

Ilikuwa siku ya wazazi, shuleni kwa binti yangu. Kikao kimekwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama kuchangia, na nilichangia kirefu, kuhusu umuhimu wa mzazi kuwa mfano wa utulivu mbele ya watoto. Nikapigiwa makofi. Nikatoka nje nikijisikia, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikaisogeza karibu, nikabonyeza tena. Kimya cha makaburini.

Na kabla hujaniandikia “weka betri mpya,” betri ni mpya. Tena imeandikishwa kwenye kompyuta ya gari, maana hili usipoliambia kwamba umelibadilishia betri, linaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kongwe. Nililiambia. Tumeshafanya hayo yote.

Ndani ya rimoti umefichwa ufunguo mdogo wa chuma. Nikauchomoa, nikafungua mlango wa dereva, nikavuta boneti. Mkombozi, ambaye mwanawe anasoma hapohapo, akaegesha kigari chake cha Kijapani pua kwa pua na changu. Kigari kile ni kikongwe kuliko changu na hakijawahi kulala njiani, na huwa hachoki kunikumbusha. “Nyaya unazo?” akauliza. Ninazo. “Ziko wapi?” Nikatazama buti. Naye akatazama buti. Akacheka mpaka akashika magoti.

Viti vya nyuma vinalala ukivuta kitanzi kilicho juu ya bega la kiti. Nikavuta, kiti kikalala, likatokea tundu. Nasema tundu, sisemi mlango. Sedani ya spoti inatakiwa iwe na bodi ngumu isiyojipinda kwenye kona, kwa hiyo pale nyuma ya viti wamezungushia chuma wakaacha upenyo wa kupitisha skii, vile vibao vya kutelezea kwenye theluji. Skii, ndugu zangu. Aliyeuchora upenyo ule alikuwa na picha ya mtu mwembamba anayekwenda mlimani. Kitambi cha mzazi hakikuwa kwenye michoro.

“Kaka, unapita,” akasema Mkombozi. “Toa pumzi.”

Nikatoa pumzi. Nikaingia kichwa, mabega, kifua, hadi kiunoni, na mkono ukaufikia mfuko wa nyaya. Nikazisukuma kwa nyuma, chini ya tumbo, zikatokea upande wa pili, Mkombozi akazipokea. “Safi sana,” akasema. Kisha akafunga mlango. Nimemuuliza tangu siku hiyo kwa nini aliufunga. Anasema kwao walifundishwa kwamba mlango hauachwi wazi.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo alipoparuka.

Nataka kurudi nyuma. Sirudi. Mkanda wa suruali umenasa kwenye komeo la kiti. Nasogea mbele ili ulegee, haulegei. Mikono yote miwili imo ndani ya buti, gizani, pamoja na harufu ya oili na mwavuli unaonichoma sikio. Rimoti imo mfuko wa nyuma wa suruali, yaani iko chumba kingine kabisa. Nje nasikia boneti ya kile kigari ikifunguliwa, na chuma kikigusana na chuma.

Nikapaza sauti: “Usiunganishe!”

Buti la Mjerumani limetandikwa zulia zito la kumeza kelele. Kwa mujibu wa Mkombozi, kilichofika nje ni “unganishe.”

Akaunganisha.

Gari likaamka. Kwanza nikasikia feni inavuta pumzi. Vioo vya pembeni vikajikunjua. Halafu likatulia kidogo, na nawaapia nililisikia likifikiri. Kumbukumbu yake ya mwisho kabla umeme haujaisha ni kwamba limefungwa na liko kwenye ulinzi. Rimoti haijabonyezwa na mtu. Na juu ya dari mna vihisi vinavyotuma mawimbi ya sauti ambayo binadamu hayasikii, kuchunguza kama kuna kitu kinachocheza kwenye viti. Kilichokuwa kinacheza kwenye viti ni makalio yangu.

TAK. Milango yote minne.

Na Mjerumani akifunga kwa ulinzi anafunga mara mbili: hata vishikio vya ndani vinakuwa pambo, ili mwizi akivunja kioo na kuingiza mkono asiambulie kitu. Ni mfumo mzuri sana. Nampongeza aliyeubuni, popote alipo.

Kisha king'ora.

Mkombozi akapagawa, akachomoa nyaya. King'ora kikaendelea. King'ora kile kina betri yake ndogo humohumo, maalumu kwa ajili ya mwizi mjanja anayeanza kwa kukata umeme. Kumbukeni ni gari ambalo limeshanilia pampu ya maji, koili za plagi, na kila gasketi unayoweza kuitaja. Ile betri ndogo ya king'ora, ya tangu kiwandani, nzima. Akarudisha nyaya. TAK tena, vioo vikajikunja. Akachomoa. Vioo vikabaki vimejikunja, nadhani kwa aibu.

Watu wakajaa. Mimi siwaoni, nawasikia tu. “Kuna mtu humo.” “Hapana, ni nusu mtu.” “Mwizi huyo. Gari lenyewe limemkamata, haya yana akili.” Mlinzi akagonga kioo kwa kirungu: “Wewe kijana, toka!” Kijana! Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikia neno la kunifariji.

King'ora kile hulia kama nusu dakika kisha hunyamaza, lakini kihisi kikiona kitu kimetikisika, kinaanza upya. Nikaelewa dawa yake ni kutotikisika. Nikakaza. Kikanyamaza. Uwanja mzima ukawa kimya, mimi nimejibana hata kupumua sipumui. Na katika kimya hicho kuna mtoto, mtoto aliyelelewa vizuri, ambaye wazazi wake sina ugomvi nao, akasogea hadi dirishani na kuisalimia miguu yangu.

“Shikamoo.”

Niambieni nyinyi, ungefanyaje? Umri wote huu, mtoto wa watu akuamkie, unyamaze?

“Marahaba,” nikajibu, kutoka ndani ya buti.

Tumbo likatikisika. King'ora kikaanza.

Aliyeniokoa si Mkombozi, andikeni hilo. Ni binti yangu, darasa la tatu, aliyebandika mdomo kwenye kioo cha nyuma na kupiga kelele: “Baba, ikalie rimoti! Ikalie!” Kwanza akamlazimisha Mkombozi arudishe nyaya na asiziguse tena. Mimi nikaanza kusugua kalio la kulia kwenye ukingo wa kiti, nikitafuta kitufe. Kwa walio nje, miguu ya mwizi ilikuwa imeanza kucheza ngoma. Hapo ndipo ile picha ilipopigwa. Nikabonya kitufe cha kufunga, TAK. Nikabonya hichohicho tena. Na kwa kuwa nilishakata tamaa, nikawa napiga kelele nikishindana na king'ora, namwambia yeyote anayenisikia kwamba mkanda ndio umenasa na kwamba ikibidi nitafanya uamuzi mgumu.

Kalio likapata kitufe cha kufungua. King'ora kikakatika ghafla, katikati ya sentensi yangu, na uwanja mzima wa shule, wazazi, walimu na wanafunzi, ukasikia vizuri sana sehemu iliyobaki:

“—NAIVUA SURUALI!”

Kimya.

Sasa, rimoti hii ina starehe moja: ukikibonyeza kitufe cha kufungua bila kukiachia, madirisha yote yanashuka pamoja na kioo cha juu, ili gari lipate hewa kabla hujaingia. Mimi bado nilikuwa nimekikalia. Madirisha manne yakaanza kushuka, taratibu, kwa ustaarabu wa Kijerumani, na yalipofika chini hakukuwa tena na kitu kati yangu na jamii. Nikashtuka, nikahamisha kalio. Likaangukia kitufe cha buti.

Buti likapanda polepole kama pazia la jukwaa. Mwanga ukaniingia machoni. Nilipoweza kuona, mbele ya uso wangu, umbali wa kupeana mkono, alikuwa amesimama mkuu wa shule, na nyuma yake wajumbe wote wa kamati ambao muda mfupi uliopita walinipigia makofi.

“Mzazi,” akasema. “Kumbe bado hujaondoka.”

Nikiwa nimelala kifudifudi, mikono mbele, mwavuli sikioni, nikasema jambo la kwanza lililonijia.

“Bado, mwalimu. Naangalia betri.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeongoza shule miaka mingi. “Haya, pole na kazi,” akasema, akaendelea na wageni wake.

Mengine ni madogo. Mwalimu mmoja alileta mkasi, mkanda ukakatwa, nikazaliwa upya kwa upande wa nyuma. Mke wangu muda wote alikuwa chini ya mti akizungumza na wazazi wengine, na nimeambiwa alipoulizwa gari lile ni la nani alisema hajui. Gari likawaka mara moja. Likaunguruma vizuri mpaka mzazi mmoja akauliza kama naliuza, mke wangu akajibu “ndiyo” kutoka kulekule chini ya mti.

Jana nimelipeleka kwa fundi. Gari likishafungwa na kulala, kompyuta zake zote pamoja zinatakiwa kula umeme usiozidi miliampia 50 hivi. Akapima, langu likawa linakula zaidi ya ampia nzima. Akatoa fyuzi mojamoja hadi akamkamata mchawi: kidude kinachodhibiti kasi ya feni ya ndani. Kimeharibika, hakilali, usiku kucha kinainyonya betri. Kipuri chenyewe kinalingana na kiganja. Kazi iko pale kilipo, huko ndani chini ya dashibodi. Mtu anatakiwa alale chali miguu ikiwa juu ya kiti, aingize kichwa na mkono kwenye upenyo, afungue skrubu asizoziona.

Nikamuuliza kazi hiyo itachukua muda gani. Fundi akafuta mikono taratibu, akanitazama kuanzia kitambini hadi kwenye soksi.

“Bosi,” akasema, “mimi nilidhani hii tungefanya wote. Nimesikia sauti ya rafiki yako. Wewe kwenye kuingia huna mpinzani.”