Baada ya jukwaa kubomolewa

Nina kaunta buku hapa mezani, jalada lake limeshaanza kuchanika. Ndani yake kuna majina 61 ya watu waliokata shauri kumpokea Yesu kwenye mkutano wetu wa injili wa mwaka juzi. Jina, mtaa, namba ya simu. Mimi ndiye niliyeyaandika, nimekaa ubavuni mwa jukwaa, vumbi la uwanja likitua kwenye karatasi. Siku tano, kwaya tatu, jenereta la kukodi. Kila kitu kilikuwa na fungu lake kwenye bajeti, isipokuwa ufuatiliaji.

Kila idara ya uinjilisti ikikaa kikao, swali ni lile lile: tunahitaji nini? Na jibu halichelewi: vyombo, gari, mhubiri mwenye jina. Sivikatai vyombo. Ila naamini kwa moyo wangu wote kwamba tunachokosa ni watu wa kukaa.

Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika Rabai, bara ya Mombasa, mwaka 1846. Akaungana na mmisionari mwenzake, Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amezika mke na mtoto mchanga pale pale Mombasa. Rebmann aliishi huku hadi 1875, karibu miaka 29, bila kukanyaga Ulaya. Alipoondoka alikuwa kipofu, na waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika. Kwa vipimo vya vikao vyetu, alishindwa. Lakini mtu huyo aliketi na mtumwa aliyeitwa Salimini, mzaliwa wa upande wa Nyasa, akimuuliza neno baada ya neno, mpaka ikapatikana kamusi ya lugha yake. Ilichapwa 1877, Rebmann akiwa ameshafariki. Nani kati yetu amewahi kumsikiliza jirani yake kwa muda wa namna hiyo?

Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Tunaukariri mstari huu tukiwa tumeshika kipaza sauti, na hatuoni kwamba anayeanza kusema hapo ni jirani. Yeye ndiye anayeuliza. Na mtu hakuulizi habari za tumaini lako kama hajakuona msibani, hajakuona ukiuguza, hajakuona mwezi mshahara ulipochelewa.

Mwezi uliopita nilianza kuzipiga zile namba. Nyingi hazipatikani tena. Ya kumi na nne akapokea mama mmoja, nikajitambulisha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilijua mngekuja wiki ile ile. Nilifagia na uwanja."

Nilishindwa cha kujibu, nikaomba msamaha tu.

Jumamosi nilipiga hodi kwake. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nikavuta kigoda, nikaomba ungo wa pili. Akanisimulia habari za mumewe, za goti linalomsumbua, za mjukuu aliyeacha shule. Biblia ilibaki kwenye mkoba mpaka mchele ulipokwisha.