Mashabiki wa Tour de France: barabara ibaki wazi au iwekewe uzio?

Tarehe 5 Julai 2024, hatua ya saba, yaani siku ya saba ya mbio, ya Tour de France, mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, ilikuwa mbio dhidi ya saa, kila mwendeshaji akitoka peke yake, katikati ya mashamba ya mizabibu ya Burgundy. Mwendeshaji Julien Bernard ni mwenyeji wa huko. Kwenye kilima kimoja alikuta marafiki na majirani wamejaa kandokando ya barabara, mkewe na mtoto wao wakiwa kati yao. Akasimama, akambusu mkewe, akakanyaga pedali na kuendelea kupanda. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilimtoza faini ya faranga 200 za Uswisi kwa kuharibu taswira ya mchezo. Bernard alijibu kwamba yuko radhi kuilipa kila siku ilimradi aishi tena dakika ile.

Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 26 Juni 2021, mashindano yalianzia Brest kuelekea Landerneau. Shabiki mmoja aliyapa kisogo magurudumu yaliyokuwa yakija, akainua bango la kuwasalimu babu na bibi ili lionekane kwenye televisheni. Tony Martin akalivaa, akaanguka, na makumi ya wenzake wakarundikana juu yake. Jasha Sütterlin alilazimika kuacha mashindano siku hiyohiyo ya kwanza, baada ya mwaka mzima wa maandalizi. Baadaye mahakama ya Brest ilimtoza shabiki huyo euro 1,200.

Faini hizo mbili zinabeba ubishi wote. Ukaribu uleule uliompa Bernard siku ambayo hataisahau ndio uliomtoa Sütterlin mashindanoni. Kila Julai, ajali mpya ikitokea, swali hurudi: je, umefika wakati wa kuiwekea Tour uzio, hata tiketi, kama uwanja wa mpira?

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu kwa karibu: Tour ina hatua 21 ndani ya wiki tatu, karibu kilomita 3,400 za barabara, na kuitazama hakulipiwi chochote. Waandaaji hukadiria kwamba watu milioni 10 hadi 12 husimama kando ya njia kila mwaka. Kwenye tambarare kundi kuu hupita kama upepo, umemaliza. Milimani ndiko shabiki hufaidi, kwa sababu waendeshaji hupita mmojammoja, nyuso zimewakunjamana. Wapo wanaopanda huko siku kadhaa kabla, wakaegesha magari ya kulala, wakapika, wakaandika majina kwenye lami kwa rangi. Alpe d'Huez ina kona 21, na kona ya 7 imekuwa ya Waholanzi kiasi kwamba siku ya mbio inageuka rangi ya machungwa. Kabla ya baiskeli hupita msafara wa matangazo, ulioanza mwaka 1930, ukirusha kofia na vifurushi vya peremende, na watu wazima wanavigombania sawa na watoto.

Wanaotaka uzio wana hoja nzito, na anayeipenda Tour asizichukulie kwa wepesi. Anza na mwendo wenyewe. Tambarare kundi huenda kilomita 45 kwa saa au zaidi. Kwenye mwinuko mkali, hata bingwa hushuka hadi karibu 20. Hiyo ni kasi ambayo mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukimbia nayo kwa hatua chache, na ndiyo maana milimani huibuka wale wakimbiaji wa bendera na mavazi ya ajabu, mdomo wao karibu na sikio la mtu ambaye moyo wake umefika ukomo. Mwendeshaji hawezi kuwakwepa. Akiyumba kushoto kuna watu, kulia kuna watu, mbele kuna ukuta wa watu unaofunguka mita chache tu kabla hajafika. Ongeza moshi wa fataki za rangi, ambao anauvuta kwa kina kuliko mtu yeyote aliyepo pale.

Mwaka 2018, kwenye Alpe d'Huez hiyohiyo, Vincenzo Nibali alinaswa na kitu kilichoonekana kuwa mkanda wa kamera ya shabiki. Alianguka chali, akainuka, akamaliza hatua akiwa nyuma kidogo tu ya vinara. Vipimo vya hospitali vilionyesha mfupa wa uti wa mgongo umevunjika. Nibali, bingwa wa Tour ya mwaka 2014, akaenda nyumbani. Mwaka 2023 mkono wa mtu aliyekuwa akijipiga picha ulimgusa Sepp Kuss, na kundi kubwa likaanguka nyuma yake. Visa hivi havitokani na chuki. Wengi wanaoleta balaa ni watu waliojaa furaha, wamesahau kwamba barabarani kuna mtu ambaye mkate wake ni mwili wake.

Chuki nayo ipo, na ni ya zamani. Mwaka 1904, katika Tour ya pili tu, mashabiki waliokuwa wakimtetea mwendeshaji wa kwao walivizia njia usiku karibu na Saint-Étienne wakawapiga wapinzani wake. Mwaka 1975, Eddy Merckx akiwa ndani ya jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano, na akiutafuta ushindi wa sita, alipigwa ngumi ya ubavuni na mtazamaji karibu na kilele cha Puy de Dôme. Muda mfupi baadaye jezi ikaenda kwa Bernard Thévenet, na Merckx hakuishinda Tour tena. Mwaka 2015 Chris Froome alimwagiwa mkojo. Mtu akisema mashabiki wa baiskeli ni watu wema kwa asili, historia haimuungi mkono.

Halafu kuna hoja ya fedha. Timu za baiskeli haziuzi tiketi wala hazigawiwi mapato ya televisheni kama klabu za soka. Zinaishi kwa wadhamini, na mdhamini akichoka, timu inakufa. Mwishoni mwa 2025 timu ya Arkéa ilifunga milango, na Intermarché, timu ambayo Biniam Girmay wa Eritrea aliipatia heshima kubwa kuliko zote ilizowahi kupata, ililazimika kuungana na Lotto. Ndipo linapokuja wazo la kuuza nafasi kwenye milima mashuhuri. Wanaolitoa si wachoyo wote. Wapo waliowahi kuendesha baiskeli wenyewe, wanaoona wenzao wakikosa kazi wakati mamilioni ya watu wanatazama bure.

Ninaielewa hoja hiyo, lakini siikubali. Kwanza, fedha za tiketi zingeingia kwa mwandaaji wa mashindano. Kampuni inayomiliki Tour haigawi leo mapato ya televisheni kwa timu. Sioni kwa nini tuamini kwamba ya tiketi yangegawanywa. Pili, barabara hizi ni mali ya umma. Mwenye duka hufunga duka, mkulima hakatizi barabara kwa trekta lake, wilaya nzima husimamisha shughuli, na wanachopata wote hao ni ruhusa ya kusimama mlangoni kwao wakaona. Watu wa aina hiyo ni wenyeji wa mashindano. Ukiwageuza wateja, utapaswa pia kueleza kwa nini barabara yao inafungwa siku nzima kwa biashara ya mtu mwingine.

Ladha ya mashindano bila mashabiki tumeshaionja. Tarehe 9 Julai 2023 Tour ilirudi Puy de Dôme, mlima wa ngumi ya Merckx, baada ya miaka 35. Volkeno hiyo ni hifadhi na njia yake ni nyembamba, kwa hiyo watazamaji walizuiwa kwenye takribani kilomita 4 za mwisho. Kwa mbio zenyewe, ilikuwa siku ya aina yake: Michael Woods akimfukuza Matteo Jorgenson hadi kumpita jirani kabisa na kilele, na nyuma yao Tadej Pogačar akimtoroka Jonas Vingegaard na kumwibia sekunde 8. Hakuna aliyeguswa, hakuna moshi, na kila mwendeshaji alichagua mstari wake mwenyewe. Ila pia palikuwa kimya. Mtazamaji wa televisheni alisikia helikopta na pikipiki, na waendeshaji walikuwa wametoka ghafla kwenye kelele za kilomita nyingi na kuingia katika utulivu wa mazoezi ya asubuhi. Kama sababu ni hifadhi, nakubali kwa moyo mweupe. Ila ikifanywa desturi ya kila mlima, Julai itakuwa na wanaume wenye nguvu nyingi wakishindana mahali pasipo na mtu.

Tusisahau pia ni nini hasa kinachowaua waendeshaji. Fabio Casartelli alifariki mwaka 1995 akiteremka mlima wa Portet d'Aspet. Gino Mäder alifariki mwaka 2023 baada ya kuanguka kwenye mteremko katika Tour de Suisse. Kasi ya kuteremka, magari na barabara mbovu ni hatari kuliko shabiki mwenye bendera. Na mara nyingine wanaoumia ni watazamaji: mwaka 1964 huko Port-de-Couze lori lililokuwa kwenye msafara wa mbio liliwavamia watu darajani, na wasiopungua wanane wakafa. Anayeugeuza mjadala wa usalama kuwa mjadala wa mashabiki tu ameacha nje sehemu kubwa ya tatizo.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa Mont Ventoux, tarehe 14 Julai 2016. Upepo mkali kileleni uliwalazimu waandaaji kuushusha mstari wa kumalizia kilomita 6, hadi Chalet Reynard. Umati uliokuwa utawanyike mlima mzima ukajibana chini, na vizuizi vya chuma havikuwahi kupangwa vya kutosha. Pikipiki ikakwama mbele ya watu. Richie Porte akaigonga kwa nyuma, Bauke Mollema na Froome wakamwangukia. Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyelelewa kimichezo na David Kinjah huko Kikuyu, alikuwa na jezi ya njano mgongoni na baiskeli iliyovunjika. Akaanza kupanda Ventoux kwa miguu, viatu vyake vya pedali vikiteleza kwenye lami, akigeuka kutafuta gari la timu lililokwama mbali nyuma.

Picha hiyo hutumiwa kama ushahidi dhidi ya mashabiki. Mimi naisoma kama ushahidi dhidi ya maandalizi. Watu wengi walikuwa mahali padogo pasipo uzio, na pikipiki zilikuwa karibu mno na waendeshaji. Jambo kama hilo lilijirudia mwaka 2023 kwenye mlima wa Joux Plane, pale Pogačar aliposhambulia akakuta pikipiki zimeziba njia kwa sababu zenyewe zilikwama kwenye umati. Dawa yake inajulikana. Kilomita 4 au 5 za mwisho za milima mikubwa ziwekwe vizuizi pande zote mbili, pamoja na kona nyembamba. Idadi ya watu kwenye sehemu hizo iwe na ukomo, na anayewahi ndiye apate, bila malipo. Fataki za moshi zipigwe marufuku kabisa, na anayekimbia kando ya mwendeshaji aondolewe papo hapo. Anayempiga au kumrushia kitu mwendeshaji afikishwe mahakamani kama mtu aliyemshambulia mfanyakazi kazini. Pikipiki za picha zipunguzwe. Sehemu nyingine yote ya njia ibaki kama ilivyo.

Wataniuliza gharama. Ni kweli, uzio wa chuma ni mzigo, na kuupandisha kwenye mlima wa mita 2,000 kunahitaji malori na watu wengi. Lakini mashindano tajiri kuliko yote katika mchezo huu hayawezi kudai kwamba yameshindwa kununua vizuizi.

Kwetu jambo hili si la mbali. Daniel Teklehaimanot alipovaa jezi ya vitone vyekundu, ya anayeongoza kwa kupanda milima, mwaka 2015, na Girmay aliposhinda hatua tatu na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, mwaka 2024, bendera za Eritrea zilionekana zikipepea kando ya barabara za Ulaya. Wengi waliozibeba ni wahamiaji wanaoishi huko, na kwa mtu wa kipato cha kibarua anayeleta familia nzima, tiketi ya kila kichwa ingemaanisha kubaki nyumbani. Vilevile kinachoamuliwa Alps hakibaki Alps. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia, na Rwanda ina mbio zake za hatua kila mwaka, Tour du Rwanda. Kwenye mawe ya Kwa Mutwe, pale Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezoeleka kwa miaka mingi, mlima hujazwa na watu wanaoishi hapohapo, wanafunzi, mafundi na akina mama waliotoka sokoni, na ndio walioifanya Rwanda ijulikane duniani kwa mashabiki wake kabla ya kujulikana kwa washindi wake.

Waandaaji wa Kigali wana nafasi ya kufanya vizuri kuliko Wafaransa, kwa kuwa mlima wao ni mfupi na umati wanaujua. Waweke vizuizi pande zote za Kwa Mutwe. Watoto wapewe safu ya mbele, nyuma ya vizuizi, pamoja na walimu wao. Redio zitangaze wiki nzima kabla kwamba kukimbia na mwendeshaji hakuruhusiwi. Hayo yote yafanyike na yapimwe kwa misimu kadhaa, kabla ya mtu yeyote kuthubutu kupendekeza kibanda cha tiketi chini ya ule mlima.