Tukuyu bila mvua si Tukuyu

Likizo zikikaribia, wanaotangaza safari za Nyanda za Juu Kusini hutoa picha zilezile: mchanga wa Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, maua ya Hifadhi ya Kitulo, anga ya buluu bila wingu. Mwenyeji akiongeza kwamba wageni wajiandae na mvua, anaambiwa anaharibu biashara.

Wafanyabiashara wana hoja. Mtumishi wa Dar es Salaam mwenye siku tano za likizo hawezi kuipoteza moja gari likiwa limekwama kwenye utelezi wa kupandia Kitulo. Mwenye nyumba ya wageni naye analipa wafanyakazi hata Aprili, vyumba vikiwa vitupu. Hofu yao naielewa.

Ila hebu tuitazame hiyo picha ya Kitulo. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake hasa, na maua yake yanachanua kati ya Novemba na Aprili, ndani ya mvua kabisa. Mgeni anayeshauriwa aje Julai kwa sababu "hali ya hewa ni nzuri" anakuta nyasi zimekauka na baridi ya kufa ganzi vidole. Huyo hakuharibiwa safari na mvua. Ameharibiwa na aliyemficha kwamba mvua ndiyo inayoleta kile alichokuja kukiona.

Tukuyu, mji wa Rungwe mkoani Mbeya, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dar es Salaam, tunakolalamikia mafuriko kila masika, hupata kama 1,100. Watangazaji wanaikwepa tarakimu hii kama aibu ya familia, wakati kila wanachokisifia kimetoka humo: chai iliyofunika vilima, parachichi, migomba inayofika hadi mlangoni, Mto Kiwira unaonguruma chini ya Daraja la Mungu, daraja la mwamba lisilojengwa na mtu. Nilisimama sokoni pale mvua ikipiga bati, maji yakitiririka kwenye turubai la mama mmoja muuza ndizi. Kijana mgeni akamuuliza, "Mama, hii inakatika saa ngapi?" Mama akamsogezea ndoo aikalie. "Kaa kwanza, mwanangu." Wakazungumza karibu saa nzima, na kijana akaondoka na mkungu asioupanga. Tangazo gani linamwambia mgeni kuwa Tukuyu ni hiyo saa nzima?

Matema nayo inauzwa kama Zanzibar ndogo, na hapo inapunjwa. Zanzibar haina Milima ya Livingstone inayoshuka hadi majini. Haina soko la Lyulilo, ambako vyungu vya Wakisi hufika kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa kwa uangalifu, majani makavu katikati visigongane. Chukua kimoja, ukigonge kwa kidole: kilichoiva vizuri kinalia.

Kwa hiyo mwenye likizo ya Julai tu asipelekwe Kitulo kutafuta maua. Aanzie Iringa, mji mkavu zaidi, aone nguzo za udongo za Isimila na fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, kisha ateremke Matema, ambako ziwa liko kwenye mita 475 hivi na baridi ya Tukuyu haifiki. Kitulo aachiwe mgeni wa Februari. Huyo aambiwe mapema abebe mabuti na koti la mvua, na aongeze siku moja kwenye ratiba.